Mkono wa Msaidizi na Siri ya Kura

Kila uchaguzi mkuu ukaribiapo, wazee wa sharika zetu humjia mchungaji na ombi moja: twende pamoja, macho yangu hayaoni tena, ukanipigie kura. Ombi hilo ni la heshima, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Makala hii yachunguza kwa ufupi historia ya msaada huo, ili tujue yatupasa kujibu nini.

Siri na gharama yake

Kabla ya mwaka 1872 mpiga kura wa Uingereza alimtaja mteule wake hadharani, akisikiwa na mwenye shamba na mwajiri wake. Njia hiyo haikudai kusoma wala kuona. Ila ilimwacha mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu. Sheria ya Kura ya 1872 ilileta karatasi na faragha, kwa mfano uliokuwa umeanza Australia mwaka 1856. Hata hivyo, karatasi iliyomlinda msomaji ilimfungia nje asiyesoma. Kwa hiyo sheria iyo hiyo iliagiza kwamba kipofu, au mtu aliyetamka kuwa hajui kusoma, atiliwe alama kwa njia ya msimamizi wa kituo, mbele ya mawakala wa wagombea. Hivyo siri ikawa ya wote isipokuwa wale waliohitaji msaada.

Jembe na Nyumba

Katika Tanganyika ya 1958 na 1959 haki ya kupiga kura ilitegemea kiwango cha elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Walio wengi hawakuulizwa neno. Septemba 1965 mambo yalikuwa mengine: watu wazima wote waliojiandikisha waliitwa kupiga kura, ingawa sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Ndipo Tanzania Bara ilipotumia alama mbili, Jembe na Nyumba, kwa wagombea wawili wa TANU walioshindana jimboni. Alama hazikukosa hila, kwa kuwa wagombea walizihubiri: huyu akisifu kilimo, yule makazi. Lakini wapiga kura hawakupotezwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikuwa miongoni mwa walioangushwa. Kutojua kusoma si kutojua kupima.

Nchini Kenya ilijaribiwa njia nyingine. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU wa 1988, wananchi walipanga mlolongo nyuma ya mgombea wao. Hapakuwa na haja ya kalamu wala ya msaidizi, lakini hofu ya 1872 ilirudi mlangoni. Baraza la Makanisa la nchi hiyo, pamoja na maaskofu kama Henry Okullu na Alexander Muge, walipaza sauti dhidi yake. Walitambua kwamba wepesi wa kupiga kura hauwezi kununuliwa kwa uhuru wa dhamiri.

Msaidizi ni nani?

Hatua kubwa ilikuwa kumpa mpiga kura mwenyewe haki ya kumchagua msaidizi. Sheria ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 1982 ilimruhusu kipofu, mwenye ulemavu au asiyejua kusoma kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa mwajiri huyo, au afisa au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika kifungu cha 29 unaziweka pamoja siri ya kura na haki ya kusaidiwa na mtu wa hiari yake, pale anapoomba.

Hitimisho

Sheria ile ya 1982 ilimzuia mwajiri kwa sababu ameshika mkate wa mtu. Haikumtaja mchungaji. Lakini sisi tumeshika zaidi ya mkate: tunabatiza, tunahudumu Mezani pa Bwana, tunazika. Mzee anaposema nipigie kura, huenda anasema pia nichagulie. Na hapo ndipo jaribu letu lilipo. Bwana wetu alijua wazi kwamba Bartimayo ni kipofu, walakini alimwuliza kwanza anataka nini (Mk 10:51). Hakuna awezaye kumsaidia mwenzake vema bila kumwuliza.

Basi, na tuulize kwanza kama hakuna mjukuu au jirani anayemwamini. Akisisitiza kwamba ni mchungaji, twende; tumsomee majina yote kwa mfuatano na kwa sauti ile ile; tutie alama pale asemapo, hata kama mioyo yetu yauma; tumwachie mwenyewe, akiweza, kuitumbukiza karatasi sandukuni. Kisha tunyamaze, kama tunavyonyamaza juu ya ungamo tulilolisikia.