Majina ya Mahali na Wenyewe

Wanafunzi wangu hapa Mabawa waliniuliza, Jina la mji hutolewa na nani? Nikawajibu kwa habari ya merikebu.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani hii zikienda Mombasa. Mojawapo, iitwayo São Rafael, ilikwama juu ya fungu mbele ya Mtang'ata, kusini ya Tanga. Wareno wakainua macho, wakaona milima mirefu ya bara, mizuri mno. Wakaipa jina la São Rafael, na fungu lile vile vile. Januari 1499, walipokuwa wakirudi, waliiteketeza merikebu hiyo papo hapo, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa, nao waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Milima hiyo ndiyo Usambara. Je, nani Lushoto au Bumbuli aiitaye São Rafael? Wenyewe hawakuulizwa, wala hawakusikia.

Wadachi nao waliiita Lushoto Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, Kaisari wao. Vita ya 1914–1918 ilipokwisha, jina likaondoka pamoja nao. Lakini kisiwa kilicho mbele ya mji wa Tanga, chenye magofu ya misikiti na makaburi, bado huandikwa Toten katika ramani. Ni neno la Kidachi, maana yake wafu. Labda limedumu kwa kuwa wafu hawabishi.

Uingereza ilikuwa vingine. Warumi waliitawala karibu miaka 400, na ngome zao waliziita castra. Watu waliokaa humo baadaye wakalitwaa neno hilo vinywani mwao, ndiyo asili ya Chester, na mwisho wa Manchester. Kisha Wadeni walihamia, wakalima, wakazaa; nao wakaacha by, yaani kijiji, kama katika Derby na Grimsby. Hao walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji.

Majina ya watu nayo yana asili zake. Smith ni mhunzi. Kwetu Wabondei hutanguliza Se, na Washambaa She, katika majina mengi ya wanaume. Padre Samuel Sehoza hakuliacha lake alipoandika kitabu chake, Mwaka katika Minyororo. Lakini juzi kijana mmoja alilifuta jina la babu yake katika daftari, akaandika Johnson, akidhani ni la kiungwana zaidi. Nikamwambia, "Johnson ni mwana wa John tu, mwanangu, nawe baba yako ni Petro." Akacheka, akaomba mpira wa kufutia.