Sahihi Iliyofutwa: Jeddah, Riyadh na Mrabaha wa Mtunzi

Mwezi wa Agosti 1884, mtaalamu wa Kiholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alishuka Jeddah, bandari ambayo mahujaji wa Zanzibar, Lamu na Mombasa waliijua kama mlango wa Hijazi. Alifikia katika ubalozi mdogo wa Uholanzi, akasilimu, na Februari 1885 akapanda Makka. Miongoni mwa mizigo yake kulikuwamo kamera. Huko Makka alishirikiana na tabibu mmoja wa mji, Sayyid Abd al-Ghaffar, akamfundisha kupiga picha. Mnamo Agosti 1885 Mholanzi alifukuzwa, kamera ikabaki.

Tabibu aliendelea na kazi. Alipiga picha za Msikiti Mtukufu, za mahujaji na za watu mashuhuri wa mji, akaandika sahihi yake kwa Kiarabu juu ya picha zenyewe: picha ya Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka. Picha hizo zilipitia Jeddah, mikononi mwa maofisa wa ubalozi, hadi Leiden. Mwaka 1889 Snouck Hurgronje alitoa kitabu cha picha za Makka. Katika kadhaa kati yake sahihi ya Kiarabu ilikuwa imefutwa, na mpigaji alitajwa tu kuwa ni tabibu, mwanafunzi wa mwenye kitabu. Ilipita karibu karne nzima kabla watafiti hawajalirudisha jina lake kwenye kazi yake.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha heshima. Ni kisa cha malipo pia. Sahihi ndiyo hati ya madai: palipo na jina, mwenyewe au mrithi wake anaweza kudai, pasipo na jina, hakuna wa kulipwa hata kama mlipaji ana nia njema. Wakati ule sheria haikumsaidia tabibu. Mkataba wa Berne ulikuwa umetiwa saini mwaka 1886, lakini Uholanzi haikujiunga hadi 1912, na haki ya mtunzi kutajwa kwa jina iliingizwa katika mkataba huo mwaka 1928 tu.

Leo sheria ipo. Saudi Arabia ilitunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka 2003 na kujiunga na Mkataba wa Berne mwaka 2004. Kenya na Tanzania zilikwisha kujiunga mwaka 1993 na 1994. Swali limehamia kwingine. Mwaka 2019 Saudi Arabia iliunda mamlaka ya data na akili unde, SDAIA, yenye makao Riyadh. Mamlaka hiyo ikajenga modeli ya lugha ya Kiarabu iitwayo ALLaM, ambayo mwaka 2024 iliwekwa pia kwenye jukwaa la kampuni ya IBM ili wateja waitumie. Mei 2025 mfuko wa uwekezaji wa taifa ukaanzisha kampuni ya HUMAIN, yenye jukumu la kujenga vituo vya data na kuendeleza modeli hiyo. Riyadh imekuwa kwa maneno kama Jeddah ilivyokuwa kwa mahujaji: mahali ambapo wengi hupitia, na ada hutozwa mlangoni.

Ada hiyo huhesabiwa kwa makini. Majukwaa mengi yanayohifadhi modeli hupima kila kipande cha neno kinachoingia na kutoka, na kumtoza mteja kwa hesabu hiyo. Mwenye mitambo analipwa, na mwenye modeli analipwa. Mwandishi ambaye sentensi zake zilimfundisha mtambo kusema hana mstari wake katika ankara hiyo.

Wapo wasemao kwamba mstari huo hauwezekani, kwa kuwa ndani ya modeli maandishi mengi mno huyeyuka kuwa tarakimu, na hakuna ajuaye jibu fulani lilitoka kwa nani. Hoja hii ina uzito. Kenya iliweza kuamuru, kwa marekebisho ya sheria mwaka 2022, kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu kwa sababu kila wimbo wa huduma ya Skiza una namba yake, na kila mteja anayeuchagua huhesabika. Modeli haina namba ya namna hiyo.

Lakini historia inalo jibu la zamani zaidi. Wakati watu walipoanza kunakili muziki nyumbani kwa mashine za kurekodia, hakuna aliyeweza kujua nani kanakili wimbo gani. Ujerumani, katika sheria yake ya 1965, haikusubiri kujua. Iliweka tozo juu ya mashine yenyewe, na mashirika ya watunzi yakagawa fedha kwa wanachama wao. Jukwaa la modeli ni mashine ya aina hiyo, tena yenye faida moja: mapato yake yamekwisha kuhesabiwa. Sehemu ya ada inaweza kutengwa. Kinachohitajika ni daftari la kazi zilizotumika na la wenye kazi hizo.

Hapo ndipo sahihi ya tabibu inaporudi. Mwaka 2025, kampuni ya Marekani ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka maktaba za wizi, takriban dola 3,000 kwa kitabu. Orodha ya wanaostahili ilihusu vitabu vyenye namba ya utambulisho na vilivyosajiliwa kwa wakati katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam au Jeddah bila kusajiliwa huko, hata kama kilipakuliwa pamoja na vingine, hakikuwa na mahali pa kusimama. Hakuna aliyekifuta kwa makusudi. Daftari halikuwa na nafasi yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wahenga hawakusema haki hiyo itapelekwa kwa anwani gani. Kwa waandishi wa Kiswahili, kama kwa wale wa Hijazi, kazi ya kwanza ni ya kikarani: vyama vya waandishi, wachapishaji, COSOTA ya Tanzania na COSOZA ya Zanzibar waweke madaftari ambayo mashine za Riyadh na kwingineko zinaweza kuyasoma, na sheria iwalazimishe wenye modeli kuyasoma kabla ya kukusanya maandishi. Tabibu wa Makka alitia sahihi yake juu ya picha yenyewe. Alitimiza wajibu wake. Aliyeipokea kazi hakuutimiza wake.