Jibu Litapelekwa kwa Nani?

Sisi wa Bahi huupima mwaka kwa mbuga yetu. Mvua zikija vizuri, mbuga hujaa maji, majaruba ya mpunga hustawi na samaki hupatikana. Zisipokuja, watu hutazama juu na kunyamaza. Nimezaliwa katika nchi hiyo, kilomita 50 na kitu magharibi ya Dodoma, kando ya reli ya kati, na kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kufundisha chuo kikuu somo ambalo wazee wangu hawakupata kulisikia: uhusiano wa umma. Nilipoulizwa nyumbani ni kazi gani hiyo, nilikuwa nikijibu kwa wepesi kwamba ni kazi ya kuifanya ofisi ielewane na watu. Jibu hilo lilinitosha hadi siku nilipohudhuria mkutano mmoja wa kijiji.

Nilikuwa likizo. Chini ya mkwaju walikuwa wamekuja wageni wa mradi mmoja uliohitaji sehemu ya mashamba. Mradi wenyewe sitautaja. Aliyesimama kuzungumza alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe. Aliwaamkia wazee kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", akawachekesha kidogo, akaeleza faida za mradi hatua kwa hatua, kisha akagawa vipeperushi. Moyoni nilikuwa nikimpa alama: salamu, vema, ufasaha, vema, mpangilio, vema sana. Ndipo akainuka bibi mmoja, akajifunga khanga yake upya, akasema: "Mjukuu wangu, umesema vizuri, na sisi tumekusikia. Sasa haya nitakayokujibu mimi, utayapeleka kwa nani?"

Kijana alinitazama. Mimi nikatazama chini.

Ndugu msomaji, swali lile lilinifanya nirudi kuitazama historia ya somo langu kwa macho mengine. Darasani nilikuwa nikianzia Marekani. Nilieleza jinsi Ivy Lee, mwaka 1906, alivyowashauri wenye reli ya Pennsylvania wasiifiche ajali bali wawape waandishi wa habari ukweli wake. Nilieleza jinsi Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, alivyoanza kulifundisha somo hili katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1923. Wanafunzi waliyaandika hayo, wakayakariri, wakafaulu. Sikuwaambia kwamba mwaka huohuo wa 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha hapa Tanganyika gazeti la Kiswahili, Mambo Leo, ili nayo ipate namna ya kusema na raia. Wala sikuwapeleka Kongwa, ambako ni mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Dodoma mjini.

Kongwa ina mengi ya kumfundisha afisa uhusiano. Baada ya vita ya pili ya dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9 hivi, maeneo mengine ukiyatazama kutoka angani, ukarudi na pendekezo la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Lakini mvua za Kongwa ni za kubahatisha, na udongo wake, ukishakauka, hukaza kama sakafu, hata karanga zikawa taabu kuzitoa ardhini. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 36.

Mpango huo haukukosa watu wa habari. Shirika lililousimamia lilikuwa na kitengo kizima cha habari, na mkuu wake alikuwa Alan Wood, mwandishi wa habari mzaliwa wa Australia. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wa Uingereza, waliotoa fedha, mambo yalivyokuwa yakienda. Aliiacha kazi hiyo, na mwaka 1950 akatoa kitabu, The Groundnut Affair, akisimulia jinsi mpango mkubwa namna ile ulivyoharibika. Ninampa heshima mtu huyo. Hata hivyo, nikiutafakari mfano wake, naona njia ya habari ilikuwa ikitoka Kongwa kwenda London, na kutoka London kurudi Kongwa. Mgogo ambaye baba na babu zake waliishi na njaa za nchi hii alikuwa na la kusema juu ya mvua. Swali la yule bibi lingeweza kuulizwa palepale mwaka 1947: akishasema, maneno yake yatapelekwa kwa nani?

Sisi wenyewe, baada ya uhuru, tulipata kulijibu swali hilo kwa muda. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitangazwa redioni nchi nzima, na inakadiriwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hawakuishia kusikiliza tu. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, na kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, mazungumzo yakaanza. Hapa kwetu choo kichimbwe wapi? Madimbwi yale yafukiwe na nani? Vyoo vilichimbwa kwelikweli. Naamini siri ya mafanikio yale ilikuwa katika saa ile ambayo redio ilinyamaza na mwananchi akashika zamu ya kusema.

Lakini tusijipambe kupita kiasi. Katika miaka hiyohiyo, kwanza kwa Operesheni Dodoma na baadaye kwa Operesheni Vijiji ya 1974, watu wengi walihamishwa kwenda vijiji vipya, na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Serikali ile ile iliyojua kukaa na wananchi kuzungumza juu ya choo, ilisahau kukaa nao kuzungumza juu ya nyumba na mashamba yao. Ni rahisi kumsikiliza mtu katika jambo ambalo jibu lake halitakubadilishia mpango.

Leo vyuo vyetu vimeongezeka. Shule ya uandishi wa habari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 ilijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilifungua milango yake huko Chimwaga, na mwaka huohuo Bahi ikawa wilaya. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma ziwe na maafisa habari wa kuwajibu wananchi. Vijana wenye shahada wapo, na vyeo vipo. Kinachonisumbua ni kwamba tumewafundisha kusema kwa miaka mitatu, na kusikiliza tumewaachia wajifunze wenyewe.

Wiki chache baada ya mkutano ule kijana alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu," alisema. "Yale maswali ya Bahi niliyaandika yote, nikayapeleka. Nimeambiwa kazi yangu ni kutoa taarifa, si kuleta maswali. Nifanye nini?" Sikuwa na jibu ambalo lingemlinda yeye na mshahara wake kwa pamoja. Nilimwambia ayaandike tena kwa barua rasmi, aipeleke, na abaki na nakala. Ulikuwa ushauri mdogo kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba, na nilijua hivyo hata nilipokuwa nikiutoa.

Tangu hapo nimebadili mtihani wangu. Zamani nilimtaka mwanafunzi aandike taarifa kwa vyombo vya habari, nikasahihisha lugha yake. Sasa humtaka ahudhurie mkutano wa kijiji au wa mtaa, asiseme neno, arudi na maswali ya watu kama walivyoyauliza, na kwa kila swali aandike cheo cha mtu mwenye uwezo wa kulijibu. Wengi hulalamika kwamba sehemu hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote. Nawaambia kwamba hata mimi iliniangusha, tena mbele ya watu wa nyumbani kwetu.

Yule bibi bado yu hai. Kila nikienda Bahi hupita kumwamkia, na kabla hajaniuliza habari za watoto huniuliza kama mjukuu wake ameshapata wa kumpelekea. Mimi humjibu kwamba barua ilipelekwa. Naye hunitazama, akasema, "Sikukuuliza barua, baba."