KITABU KILICHOMO NDANI YA MASHINE

Somo la radio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Chwaka

Fungueni madaftari. Leo tutasoma tarehe ya kitu kidogo sana, nacho ni ukurasa wa maelekezo unaokaa ndani ya kompyuta.

Mnakumbuka mwezi wa Mei 2024? Tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na intaneti ikawa taabu katika Tanzania na nchi jirani. Juma lile nilikuwa na wanafunzi watano mbele ya kompyuta moja kuukuu. Bibi mmoja, mkulima wa mwani, akaniuliza: "Mwalimu, tumekwama na mtandao hakuna. Sasa tumwulize nani?" Nikaona haya, maana mimi mwenyewe nimezoea kuuliza mtandaoni. Kisha nikakumbuka kuwa jawabu limo ndani ya mashine ile ile. Tukaandika neno man, ambalo ni mkato wa neno la Kiingereza lenye maana ya kitabu cha maelekezo, tukaongeza jina la kazi tuliyoitaka, na ukurasa ukafunguka.

Basi ukurasa ule ulitoka wapi?

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, ambao baadaye uliitwa Unix. Walihitaji mashine iliyo bora, na wakubwa hawakuwa wepesi kutoa fedha. Wakaahidi kuwa mashine hiyo itapanga maandishi ya ofisi inayoshughulikia hati za kulinda uvumbuzi. Wakaipata. (Werevu wa namna hii hata sisi tunaujua.) Kumbukumbu yake ilichukua herufi 24,000 tu au zaidi kidogo, yaani kiasi cha kurasa kumi na kitu za kitabu cha kawaida. Na humo ndimo zilimokaa programu zinazofanya kazi.

Kitabu cha kwanza cha Unix kina tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, kazi inayofanya, na mahali pa kutazama zaidi. Liko na fungu ambalo mimi nalipenda kuliko yote, fungu la makosa. Mwenye kuitengeneza programu alieleza mwenyewe ila zake. Ni nani kati yetu aliyewahi kununua jiko la mafuta likaja na karatasi inayosema, "Jiko hili lina ila hizi"? Douglas McIlroy, aliyekuwa mkuu wa mabwana wale, alikaza sana kuwa kurasa hizo ziandikwe vizuri. Na mara nyingine mtu akianza kuandika ila ya programu yake aliona ni vyepesi zaidi kuirekebisha.

Sasa sikilizeni kwa makini. Ukurasa huo haukuwekwa ndani ya mashine kama mnavyouona kwenye kioo. Uliwekwa pamoja na alama. Mstari unaoanza kwa nukta si wa msomaji, ni amri kwa programu ya kupanga chapa: hapa weka kichwa, hapa koleza herufi. Mmemwona fundi cherehani akichora chaki juu ya kitambaa? Kanzu ikiisha, chaki haionekani. Ndivyo alama hizi zilivyo.

Lakini fundi naye anataka mahali pa kukaa, na hapo ndipo penye tatizo la mashine ndogo. Programu ya kupanga chapa iliyoenea sana, groff, iliyoandikwa na James Clark, hufanya mengi, hata kutayarisha vitabu vya kupigwa chapa. Kwa mtu anayetaka kusoma ukurasa mmoja tu, huo ni mzigo. Mvuvi wa Chwaka anayekwenda kutega dema hachukui jahazi, ngalawa yamtosha.

Watu walijaribu njia mbalimbali. Wengine walizipanga kurasa mapema wakaziweka tayari, kama chakula kilichokwisha pikwa. Mashine dhaifu ilizifungua upesi, ila zilizidisha mzigo wa diski. Mwaka 1995 Bruce Perens alianza BusyBox, programu moja inayokusanya amri nyingi ndogo ndogo, ili zote zienee katika diski moja laini, yenye nafasi ya herufi milioni 1 na nusu hivi. BusyBox nayo ina man yake, fupi kabisa, lakini kazi ya kupanga chapa huipeleka kwa programu nyingine. Ikiwa nyingine hiyo haipo, umebaki na chaki bila fundi.

Mwaka 2008 Kristaps Dzonsons alianza mandoc. Hii imekusudiwa kurasa za maelekezo tu, kwa hiyo ni ndogo na ni ya haraka. Mwaka 2010 watu wa OpenBSD waliiweka mahali pa groff kwa kazi hiyo. Hata Alpine Linux, mfumo mwepesi mno, unaweza kuipokea. Humo maelekezo yamewekwa mbalimbali na programu, na mwenye mashine huchukua yale anayoyahitaji.

Yule bibi wa mwani aliutazama ukurasa wetu kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, hiki si Kiswahili." Kweli, kilikuwa Kiingereza, kama kurasa nyingi za namna hii. Yeye alikuwa amejifunza kusoma miezi michache tu iliyopita, na kwa lugha yake. Nilimfasiria mstari kwa mstari, saa nzima ikapita. Wako waliolianza jambo hili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, katika kazi iliyoitwa Kilinux. Iliwabidi kwanza wakubaliane juu ya maneno, na hiyo haikuwa kazi ya siku moja.

Sasa zoezi. Chagueni chombo kimoja cha nyumbani kwenu: cherehani, mbuzi ya kukunia nazi, dema. Andikeni ukurasa mmoja tu: jina lake, namna ya kukitumia, kazi yake, na mwisho ila zake. Ila msizifiche. Mleteni siku ya darasa tusomeane.