Bomba la maji na akili ya mtoto wa mhamiaji

Leo tuwaache wanasiasa wetu wapumzike. Nataka tuzungumzie kijitabu chembamba kilichotoka London mwaka 1971.

Mwandishi wake ni Bernard Coard, mwalimu kijana kutoka Grenada. Alifundisha katika shule zilizotengwa kwa watoto ambao serikali ya Uingereza iliwaita "walio chini ya kawaida kielimu". Kwa lugha ya mtaani, mazuzu. Akajiuliza: mbona watoto wa wahamiaji wamejaa humu?

Takwimu za mamlaka ya elimu ya London yenyewe zilionyesha hivyo. Mwaka 1967 watoto wa wahamiaji walikuwa asilimia 15 katika shule za kawaida, lakini asilimia 28 katika shule hizo. Robo tatu ya watoto hao walikuwa wa asili ya visiwa vya Karibi.

Je, hawakuwa na akili? Hapana. Kipimo cha akili kilitungwa kwa Kiingereza cha Wazungu wa tabaka la kati. Coard anatoa mfano wa bomba. Mwingereza ana neno la koki na jingine la bomba lenyewe. Mjamaika koki pia huiita bomba. Sisi ambao vyote viwili tunaviita bomba, tungepona kweli?

Lakini kipimo kilikuwa sehemu tu ya tatizo. Mwalimu akishaamini kwamba mtoto hawezi, humpa kazi nyepesi. Mtoto naye akiona hategemewi kitu, huacha kujitahidi. Mwisho anafeli, na mwalimu anasema, "Si nilisema?"

Wazazi hawakukaa kimya. Walikisambaza kijitabu kile, wakaanzisha shule zao za Jumamosi, wakafundisha kusoma, hesabu na historia ya watu weusi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1981 ikalifuta jina lile. Hata hivyo, waliopita katika shule zile hawakufutika nalo: mwaka 2021 BBC ilionyesha filamu ambayo baadhi yao, sasa watu wazima, walisimulia jinsi lilivyowaharibia maisha.

Naandika haya kwa sababu nasi Tanzania tunao watoto waliotoka Burundi na Kongo. Mtoto wa namna hiyo akikosea ngeli darasani, wenzake hucheka, na wakati mwingine mwalimu naye. Hebu tujiulize: hapo tunasahihisha Kiswahili chake, au tumeshaihukumu akili yake?