Maneno Yetu Uani kwa Jirani: Kutoka Mkunazini Hadi Nyalikungu

Leo tunaomba radhi. Hatuna singo, hatuna hina, wala hatuna picha za gauni. Tunayo historia, na imeanzia ukutani.

Sisi ni mtu na wifi yake, watoto wa Unguja, na cherehani zetu ziko Nyalikungu, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu. Tumezungukwa na mashamba ya pamba. Msimu wa kuuza pamba ndipo watu huku hushona, maana ndipo pesa zinapoonekana. Chumba chetu cha kazi kimepakana na ua wa mama mmoja Mkatoliki, mwenyekiti wa jumuiya yao. Kila wiki zamu ya sala ikifika kwake, viti vinaazimwa mtaa mzima, na sisi upande wa pili wa ukuta tunasikia kila kitu bila ya kutaka. Mwanzo tulikuwa tukiongeza kasi ya mashine ili tusisikie. Halafu siku moja umeme ukakatika.

Tukasikia: imani, neema, rehema, baraka, toba, dhambi, sadaka, malaika, shukrani. Mama mmoja alishukuru kuwa ng'ombe wake amezaa salama. Mwengine alisema wiki ile alimuona Mungu katika shilingi elfu mbili aliyorudishiwa na muuza nyanya aliyekosea hesabu. Wifi alinitazama. Maneno yale yote ni yetu. Ni ya chuoni, ni ya bibi zetu kwenye mswala. Yamefikaje Usukumani, kwenye sala ya Kikristo?

Tulianza kuuliza na kusoma, na tuliyoyakuta hatukufundishwa skuli.

Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alipita Unguja akapewa barua ya utambulisho na Sayyid Said, kisha akaenda Mombasa. Mwaka huohuo alimzika huko mkewe Rosina na kitoto chao kichanga. Katika mwaka huo wa msiba alianza kukitia Kiswahili kitabu cha Mwanzo, na aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Someni tena hapo: kadhi. Mtu wa fiqhi alimsaidia Mkristo kutafuta maneno ya kusimulia kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Huenda aliona visa vya Mitume ni visa vya Mitume. Hatumsemei, tunasema tu kuwa alikaa.

Kwetu Unguja walikuja Waingereza wa misheni ya UMCA mwaka 1864, na miongoni mwao Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Huyu alikaa na watu wa mjini, akasikiliza hadithi zao na kuzichapisha mwaka 1870, mwaka uleule alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Soko la watumwa lilipofungwa 1873 chini ya Sayyid Barghash, misheni ilipata kiwanja palepale Mkunazini na kanisa likaanza kujengwa. Sote tumepita mbele ya jengo lile tukienda Darajani kununua lasi na vifungo, na wengi wetu hatujaingia. Steere alifariki 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika 1891.

Steere hakuunda lugha mpya. Alichukua maneno aliyoyakuta midomoni mwa Waislamu wa Unguja. Alilikuta neno Mungu, akaliacha Mungu. Alikuta dhambi na rehema, akaviacha vilevile. Pale tulipokuwa hatuna neno, misheni zilitafuta kwengine, ndiyo maana mkimsikia jirani anasema Ekaristi mjue bahari yetu iliishia hapo.

Tutakaa kidogo Mbweni, kwa sababu sisi ni washoni. Wasichana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa skuli ya misheni huko, na kuanzia 1877 mkuu wao alikuwa Bibi Caroline Thackeray, aliyeishi Unguja mpaka alipofariki 1926. Walifundishwa kusoma na walifundishwa kushona. Tunawafikiria wale watoto. Wameibwa bara, hawajui wazee wao wako hai au la, wamekaa chini ya miembe ya Mbweni wakipitisha uzi kwenye tundu la sindano huku wakijifunza kumuomba Mungu kwa lugha ya mji uliowauza. Katika watumwa walioletwa pwani walikuwemo watu wa bara la kati, na hatuwezi kuandika habari ya maneno kusafiri tukalisahau hilo. Waliyasikia maneno yetu mazuri ya rehema kwanza sokoni.

Kuna na upande wa pili, na huu utawashangaza. Tafsiri ya kwanza ya Qur'an nzima kwa Kiswahili, iliyotoka 1923, ilifanywa na padri wa misheni hiyohiyo ya Unguja, Godfrey Dale. Masheikh wetu hawakuikubali, na walikuwa na haki, kwani ilikuja na maelezo ya mtu anayetaka kushindana. Mwaka 1953 ikatoka ya Ahmadiyya, nayo ikapingwa. Ndipo Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mtoto wa Unguja na kadhi wetu, alipoikamilisha ile tunayoijua sote, Qurani Takatifu, mwaka 1969. Nakala yake imo katika masanduku ya maharusi wangapi? Ya wifi imetoka kwa bibi yake, jalada limeliwa na mchwa, haguswi mtu kuitupa.

Basi kadhi alisaidia kitabu cha Mwanzo, padri akaishika Qur'an, na lugha ikabaki moja.

Jinsi ilivyopanda bara si siri. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa misafara. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kwa meli mpaka bandari ya Unguja. (Leo pamba inatoka hapa Simiyu na sisi ndio tunasubiri kitambaa. Mambo hugeuka.) Pamoja na merikani yalipanda maneno. Kisha mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ambayo mpaka leo ndiyo ya Waprotestanti wengi. Wakatoliki wana tafsiri zao pia, lakini imani ni imani na neema ni neema humo humo.

Wamisionari wenyewe walikuwa wameshafika Usukumani kabla ya hapo. Mapadri weupe walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Waanglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya ziwa, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega humu humu Simiyu, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission. Ndiyo asili ya makanisa ya AIC mnayoyaona huku kila njia panda. Jimbo Katoliki la Shinyanga lilitangazwa 1956 na askofu wake wa kwanza alikuwa Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Maswa ilikuwa chini yake.

Lakini kanisa lililojengwa kwa matofali haliingii jikoni, na kilichotugusa sisi ni kile kilichoingia jikoni. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliwahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika ikawaweka katika vijiji vya Ujamaa. Kwa Msukuma, aliyezoea kukaa peke yake na ng'ombe wake na minyaa yake kuzunguka boma, lilikuwa jambo zito. Watu walijikuta na majirani wasiowachagua. Wakati huohuo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika vikao vyao vya 1973 na 1976, waliamua kuwa kanisa lianzie nyumba kwa nyumba, na hizo zikaitwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mapadri walikuwa wachache na vijiji vingi. Asiyekuwepo padri, walikuwepo kina mama.

Mpaka leo ni kina mama. Wanakutana nyumba hii wiki hii, ile wiki ijayo. Wanasoma sehemu ya Injili inayokuja Jumapili, halafu kila mtu anasema imemgusa wapi katika wiki yake. Si hotuba. Mmoja atasema habari ya mume, mwengine habari ya mahindi yaliyokauka. Mwisho wanauliza nani mgonjwa, nani kafiwa, wanachanga, wanaondoka na viti vyao. Hayo ndiyo tuliyoyasikia siku ya umeme kukatika. Miaka hamsini ya kufundishana kumtafuta Mungu ndani ya chenji ya nyanya.

Sasa tuseme lililotuuma. Sisi tuna dua ya kuvaa nguo mpya. Tuna ya kuingia nyumbani, ya kutoka, ya kula, ya kulala, ya kuamka, ya kupanda chombo. Tuna ya mume na mke usiku wa kwanza, na kila somo anamfundisha mwari wake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuacha saa ya siku bila ya kutupa neno la kumkumbuka Mola. Kila bibi harusi tuliyemshonea tumemuona na Hisnul Muslim ndani ya mkoba, kipya, kimefungwa utepe. Na sisi wenyewe? Bismillah yetu ya kukata kitambaa ilikuwa imekwisha zamani. Tulikuwa tukikata huku tunajibu simu. Siku tuliyosikia mama anashukuru kwa ng'ombe, wifi alisema, "Sisi tunazo za kila kitu, wao wanazitafuta kila wiki, na wao ndio wanaokumbuka." Hatukuweza kumjibu.

Haikuwa mwisho wa mambo. Mwezi uliofuata mama jirani alikuja na furushi la vitenge. Ni sare za WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, umoja wao ulioanza 1972. Kitenge kile kilikuwa na picha ya Bi Maryam. Tulisita, na tunakiri tulisita mbele yake, akaona. Usiku tulipiga simu nyumbani. Mama mkwe aliuliza, "Mmekwenda huko kutafuta riziki au kutafuta kanisa?" Tukamwambia ni nguo za kujisitiri, mikono mirefu, mpaka chini. Akanyamaza. Akauliza bei. Tukamuuliza na ustadhi wetu hapa Maswa, akatupa jawabu lake, ambalo tulilifuata: vile vyenye picha tuliomba radhi tukamuelekeza kwa fundi mwengine, vile vya rangi tupu tukashona. Wapo kati yenu watakaosema tulilegea, na wapo watakaosema tulikaza. Mama jirani alisema tu, "Wanangu, mngeniambia mapema nisingebeba mzigo wote kichwani."

Tusieleweke vibaya. Hatusemi dini ni moja. Wanayoyasema juu ya Nabii Issa hatuyasemi, na tunayoyasema juu ya Mtume Muhammad hawayasemi, na mama jirani analijua hilo vizuri kuliko watu wengi wanaotuandikia ujumbe wa ndani. Tunamwita Bi Maryam mama wa Nabii, tuna sura nzima kwa jina lake. Wao wanamwita kwa jengine zito zaidi. Hapo kila mmoja anabaki uani kwake. Hatujawahi kukaa kwenye viti vile na hatujaalikwa.

Tulichofanya ni kidogo. Ijumaa baada ya alasiri tunafunga mashine nusu saa. Tunakaa na wasichana wawili tunaowafundisha kazi, Waislamu wa hapa hapa Maswa, na kila mmoja anataja alichoruzukiwa wiki ile ambacho hakukiomba. Wiki ya kwanza tulikaa kimya kama tunaohojiwa polisi. Ya pili mmoja akasema sindano iliyokatika haikumuingia kidoleni. Ndiyo tuliyoanza nayo, alhamdulillah. Bibi harusi, mkijaaliwa, jaribuni na waume zenu kabla hamjazoeana mkaanza kunyamaziana.

Mama jirani alikuja tena juzi na kitenge cha Krismasi, cha maua matupu. Alikaa kwenye kigoda akitutazama tukipima. Wifi aliposhika mkasi, yeye alimshika mkono.

"Semeni kwanza maneno yenu yale," alisema. "Gauni la mwaka jana mlilikata kimya, likanibana kwapani."

Wifi akasema bismillah, kwa sauti, akakata.