Swarovski Optik: Darubini ghali inayotamaniwa na watazamaji ndege

Jina Swarovski huwakumbusha wengi vipuli na mikufu ya vioo vinavyometameta. Kwa wanaorauka alfajiri kutazama ndege, hata hivyo, jina hilo ni la darubini, tena ambayo wengi huitamani kwa miaka kabla ya kuimudu.

Swarovski Optik ilianzishwa mwaka 1949 huko Absam, jimbo la Tyrol, Austria. Mwasisi wake, Wilhelm Swarovski, alikuwa mwana wa Daniel Swarovski wa kampuni ya vioo vya mapambo iliyoanza mwaka 1895. Mahasimu wake wakuu katika soko la darubini za hali ya juu ni Zeiss na Leica za Ujerumani.

Kampuni hiyo ilijijengea nafasi hasa kwa darubini ya EL, iliyotolewa mwaka 1999. Mirija yake miwili iliunganishwa kwa madaraja mawili, ikaachwa nafasi katikati ya kupitisha vidole. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini muulize aliyeshika darubini tangu macheo hadi adhuhuri. Mwaka 2010 EL iliboreshwa ili taswira iwe wazi hadi ukingoni. Si wote waliofurahia. Baadhi walilalamika kwamba wakiizungusha, mandhari huonekana kubingirika kama juu ya mpira.

Leica ilileta Noctivid mwaka 2016, naye Zeiss tayari alikuwa na Victory SF. Waaustria wakajibu mwaka 2020 kwa NL Pure. Ile ya 8x42, yaani inayokuza mara nane kwa lenzi za upana wa milimita 42, humwonyesha mtazamaji eneo la mita 159 kwa umbali wa mita 1,000.

Bei yake hupita dola 3,000 za Marekani. Je, inastahili? Jua likiwa utosini, darubini ya dola 500 haiachwi mbali. Tofauti hujitokeza mwanga ukiwa hafifu, ambapo videge viwili vya rangi ya udongo hutenganishwa na mchirizi mmoja juu ya jicho. Kwa mwelekezi wa watalii nchini Kenya, yenye zaidi ya aina 1,000 za ndege, mchirizi huo ndio riziki.

Mwaka 2024 ilikuja AX Visio, inayomtaja ndege kwa jina kwa msaada wa kompyuta ndani yake, kwa bei inayokaribia dola 5,000. Betri ikiisha, ndege bado huonekana. Jina ndilo hukosekana.